E. T. Mensah na Dansi ya Wenye Nafasi

Jina la highlife lina kijembe ndani yake. Katika miaka ya 1920, mjini Accra, mabwana na mabibi wenye nafasi waliingia vilabuni wamevaa kizungu, kwa kiingilio ambacho mtu wa kawaida hakukimudu. Waliobaki nje walichungulia, wakayaita waliyoyaona maisha ya juu. Basi ampimaye Emmanuel Tettey Mensah, aliyeitwa mfalme wa muziki huo, na aulize kwanza: je, aliwafungulia mlango waliokuwa nje, au aliwatumbuiza tu waliokuwa ndani?

Mensah alizaliwa Accra mwaka 1919. Alianza na filimbi shuleni, chini ya Mwalimu Lamptey. Baadaye akawa bingwa wa saksafoni na tarumbeta. Riziki yake nyingine ilikuwa kazi ya ufamasia. Mwaka 1948 alishika uongozi wa bendi ya Tempos, na hapo ndipo ubora wake ulipodhihirika. Okestra zilizotangulia zilikuwa na wapigaji wengi, na ziliwategemea sana Wazungu kwa nyimbo na mitindo. Tempos ilikuwa bendi ndogo, nyepesi. Guy Warren, mpiga ngoma wake, alitia mapigo ya Kuba na kalipso. Nyimbo za wenyeji, kwa lugha za Waga, Waakan na Waewe, zikapewa nafasi ya mbele.

Wako wasemao kwamba muziki wa tarumbeta hauwezi kuwa wa Kiafrika. Hoja hiyo haina uzito. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Chombo hakina kabila. Kabila limo katika mapigo na katika lugha. Louis Armstrong alipozuru Accra mwaka 1956 na kupiga pamoja na Mensah, hakukuta mwigaji, bali mwenzi.

Safari zake za Nigeria, tangu mwaka 1950, ziliwaathiri wanamuziki kama Victor Olaiya. Na sahani alizorekodi kwa Decca tangu mwaka 1952 zilifika nyumba ambazo wenyewe hawakukanyaga kilabu. Uhuru wa Ghana ulipopatikana mwaka 1957, aliuimbia.

Lakini haki yataka tuseme na la pili. Bendi yake ilibaki kwa sehemu kubwa mali ya miji na ya kiingilio. Waliokwenda hadi vijijini, kwa gitaa na michezo ya jukwaani, ni watu wa namna ya E. K. Nyame, ambaye hakuvikwa taji hilo.

Mensah alifariki mwaka 1996. Mlango wa kilabu hakuuvunja. Aliupitisha muziki dirishani, ukawafikia waliokuwa wakichungulia, nao wakaitambua sauti yao wenyewe. Kwa mpiga tarumbeta mmoja, hiyo ni kazi kubwa. Ila ufalme huo haukuwa wake peke yake.