Kitenzi Kwenye Chupa ya Jiki

Geuza chupa ya jiki uitazame mgongo. Mbele ni uwanja wa wauzaji: rangi, mng'ao, shuka jeupe kwenye kamba. Nyuma kuna herufi ndogo ambazo wengi wetu huzitafuta baada ya mtoto kunywa. Herufi hizo ni kazi ya mtu anayeandaa faili la usajili ili bidhaa iruhusiwe kuuzwa nchi nyingine. Ofisini cheo chake ni kirefu na hakimwambii mtu kitu. Mimi naona anapima maneno kama sonara anavyopima dhahabu.

Tuseme chupa inajazwa Uturuki na kwenda kuuzwa Ujerumani, ndani ya soko la Umoja wa Ulaya. Humo mna maji na sodiamu hipokloraiti, dawa ile ile inayotoboa fulana zetu tukizidisha. Kabla ya kugusa kemia, mtaalamu anauliza: tutasema chupa hii hufanya nini? Ikisemwa hung'arisha nguo nyeupe, inaingia kwenye kanuni ya sabuni ya mwaka 2004, na njia yake ni fupi. Ikisemwa huua bakteria, maji yale yale, kwa kipimo kile kile, yanahamia kwenye kanuni namba 528 ya mwaka 2012, inayosimamia kemikali za kuua viumbe. Huko kiambata kinachoua lazima kiwe kimechunguzwa, anayekiuza awe kwenye orodha inayotambuliwa, na bidhaa yenyewe iombewe kibali ambacho huweza kula miaka. Kitenzi kimoja tu kimebadilika.

Idara ya mauzo, bila shaka, inataka "huua". Basi ithibitishwe, na hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu zaidi. Kipo kipimo cha maabara kiitwacho EN 1276. Dawa inakutanishwa na bakteria wa aina nne, miongoni mwao E. coli na Staphylococcus aureus, kwenye nyuzijoto 20, kwa dakika tano. Kwa kila bakteria 100,000 wanaoingia, asibaki zaidi ya mmoja. Lakini jikoni hakuna bakteria anayekaa peke yake kwenye maji safi. Yuko ndani ya mafuta, mchuzi na damu ya nyama. Kwa hiyo maabara hutengeneza uchafu. Huchukua albumini, protini ya damu ya ng'ombe, gramu 0.3 kwa lita kuiga sehemu iliyokwisha kusafishwa, au gramu 3 kuiga sehemu chafu. Hata uchafu, jamani, umepewa mizani. Dawa iliyofaulu kwenye uchafu mdogo tu haina ruhusa ya kujisifu kwamba haihitaji kutanguliwa na sabuni, na zile dakika unazoambiwa uiache juu ya meza kabla ya kufuta zimetoka kwenye saa ya mtu aliyesimama akihesabu.

Kitenzi kikishapita, zamu ya vivumishi. Kwenye dawa za kuua viumbe, kanuni ile namba 528 inakataza kuandika kwamba bidhaa "haina madhara", "si sumu", ni ya "asili" au ni "rafiki wa mazingira". Mwaka 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata neno la Kijerumani lenye maana ya "rafiki wa ngozi" haliruhusiwi kwenye dawa ya aina hiyo. Kwa sisi tuliozoea lebo inayojisifu kama bwana harusi, hilo linaonekana ukatili. Lakini dawa iliyotengenezwa kuua haiwezi kuwa rafiki wa kila mtu, na anayeandaa faili hulijua hilo kabla ya hakimu. Kalamu yake nyekundu hupita kwenye sifa moja baada ya nyingine, huku mwenye kiwanda akilalamika.

Yanayobaki hayatungi yeye. Maneno ya onyo yamepangwa kisheria katika lugha zote 24 za Umoja, na yako katika ngazi mbili, kama sisi tungesema "Hatari" na "Tahadhari". Mjerumani husoma Gefahr au Achtung, Mfini Vaara au Varoitus, Mmalta Periklu au Twissija. Chupa hubeba moja tu. Neno kali likiingia, la upole linatoka. Na yote yatoshe mahali padogo: kwa chupa isiyozidi lita 3, lebo ya onyo, ikiwezekana, isipungue milimita 52 kwa 74, na kila alama yenye ukingo mwekundu isipungue sentimita moja ya mraba. Wanaotunga majina ya kanga wangemwelewa mtu huyu, ingawa wao wana ruhusa ya mafumbo.

Sentensi ninayoiheshimu kuliko zote kwenye chupa hiyo ni ile ya lazima pale klorini inayofanya kazi inapozidi asilimia 1 katika bidhaa ya nyumbani. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: onyo! usiitumie pamoja na bidhaa nyingine, huenda ikatoa gesi hatari ya klorini. Onyo, katazo, kisha sababu, basi. Nyuma yake yuko mtu aliyemwaga jiki chooni, akaongeza dawa ya asidi ili pang'ae zaidi, akafunga mlango.

Dawa kali ya kuunguza ngozi ina masharti yake mengine. Huwekwa pembetatu iliyoinuka, asiyeona aiguse ajue, na kifuniko chake hujaribiwa kwa watoto wa miezi 42 hadi 51, ambao wengi wao lazima washindwe kukifungua, kisha kwa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, ambao karibu wote lazima waweze.

Mwisho, karibu na orodha ya viambata au maneno ya onyo, kuna herufi na tarakimu 16 zilizogawanywa nne nne. Hazivutii macho. Waliozibuni waliziacha B, I, L, O na Z, kwa kuwa mtu mwenye hofu huisoma B kama 8, O kama sifuri. Usiku mzazi akipiga simu kituo cha sumu, chupa mkononi na mtoto akikohoa, atazisoma moja moja. Upande wa pili faili litafunguka: viambata na viasi vyake, ukali wa dawa, rangi yake, hata ujazo wa chupa aliyoishika.