Muhogo Mchungu na Mchezaji Wake

Katika pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, mtu akitajiwa muhogo mchungu hafikiri ladha tu, hufikiri kazi. Muhogo huo una sumu. Humenywa, hurowekwa au huanikwa hata ukawa makopa makavu, ndipo hutwangwa, huchekechwa na kusongwa ugali. Aulaye mbichi hudhurika, bali ajuaye desturi yake hana neno nao, tena huupenda, kwa kuwa nguruwe na ngedere hawauharibu kama waharibuvyo muhogo mtamu. Kwa hiyo jina la sinema ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, yaani *Muhogo Mchungu*, halisikiki kusini kama lisikikavyo Dar es Salaam.

Sinema hiyo ni moja katika fungu la picha ambazo serikali ya kikoloni iliiagiza kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini izitengeneze kwa Kiswahili. *Chalo Amerudi* ni nyingine. Muhogo Mchungu ni jina la mtu: mshamba ajaye mjini Dar es Salaam na kukutana na hila za mji. Aliyecheza sehemu hiyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa mwaka 1926 huko Matepwende, katika nchi ya Songea ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma, mkoa uliopewa jina la mto uleule ufikao baharini kusini ya Mtwara. Alikuwa amesoma Tabora, akafanya kazi ya ukarani, kisha akaingia idara ya ustawi wa jamii. Hakuwa mshamba hata kidogo. Alikuwa msomi aliyevaa ushamba.

Hapo pana jambo la lugha ambalo wahakiki wa sinema hizi wamelipita. Sifa *-chungu* huchukua *m-* katika ngeli ya mtu, na huchukua *m-* vilevile katika ngeli ya mti. Kwa hiyo maneno "muhogo mchungu" hayaonyeshi kama anayetajwa ni binadamu au ni zao la shamba. Kitenzi ndicho kiamuacho: muhogo mchungu *umeanguka*, Muhogo Mchungu *ameanguka*. Mzaha wote wa jina umo katika silabi hiyo moja. Msikilizaji anayemcheka shujaa humwona zao. Akimhurumia, humrudisha katika ngeli ya watu. Aliyelichagua jina hili, awe alikusudia au hakukusudia, alichagua vema kuliko aliyeitunga hadithi.

Maana hadithi yenyewe ni ya kuazima. Mwaka 1949 Afrika Kusini ilikwisha kutoa *African Jim*, ambamo kijana atokaye kijijini afika Johannesburg na mara aporwa. Na nyuma ya hadithi hiyo pana fikira ya zamani zaidi, iliyojaribiwa Tanganyika yenyewe kati ya 1935 na 1937, wakati wa jaribio la sinema za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara: kwamba Mwafrika wa shamba ni mtazamaji wa namna ya pekee, afaaye kuonyeshwa mambo polepole na kufundishwa. Katika sinema za namna hii mtazamaji na shujaa ni mtu mmoja. Wote wawili hawajui, na wote wawili watajuzwa. Uchungu wa muhogo umechukuliwa kuwa ujinga, na mji ndio jiko la kuuondolea. Mtu wa Mtwara angeona kasoro papo hapo. Muhogo mchungu hautolewi sumu sokoni. Hutolewa nyumbani, kwa mikono ya wenye kuujua.

Tena watu wa kusini hawakuwa wageni wa safari. Wamakonde, Wamakua na Wayao, wengine wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walikuwa wakienda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge. Penye mlango wa mto Kimakonde, Kimakwe na Kiswahili vyakutana, na mtu hujifunza mapema kuwa mgeni katika maneno ya mwenzake. Na kama ni habari za mtu aliyefika mahali asipopajua akapoteza mali yake, kusini walikwisha kuiona moja kubwa: mpango wa karanga wa Nachingwea, ambao kwa ajili yake reli ilijengwa na bandari ya Mtwara ikaanzishwa. Mpango wote wa Tanganyika ulianza 1947 ukaachwa 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi za Uingereza. Hakuna sinema iliyotengenezwa kumcheka mshamba huyo.

Kawawa hakukaa sana katika kazi ya kucheza. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika. 1956 aliacha utumishi wa serikali ili apate kuingia TANU. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Huko Marekani Ronald Reagan alipita njia inayofanana nayo mno: mchezaji wa sinema tangu 1937, rais wa chama cha wachezaji tangu 1947 hadi 1952, gavana wa California mwaka 1967, Rais wa nchi mwaka 1981. Mwaka 1951, Reagan alicheza pamoja na sokwe katika *Bedtime for Bonzo*, na mahasimu wake wa siasa hawakuacha kumkumbusha. Lakini Wamarekani walau waliona kwamba mchezaji na mtawala ni mtu mmoja, wakabishana juu yake. Katika habari za Kawawa, aliyefariki 31 Desemba 2009, miaka ya sinema kwa kawaida hupewa sentensi moja, kama kichekesho cha ujana.

Hilo ni kosa la uhakiki. Januari 1967, ni Kawawa, wakati huo Makamu wa Pili wa Rais, aliyetangaza kwamba shughuli zote za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka huohuo. Kamati ya lugha iliyoanza 1930 ilikuwa imeusanifu Uswahili wa vitabu. Sinema ziliupeleka kwa watu wasiosoma vitabu, na mtu aliyekuja kuamuru lugha hiyo itumike maofisini alikuwa amekwisha kuichezea sehemu ya asiyeheshimiwa. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Yatosha kwamba mwandishi wa historia ya lugha asiyaweke katika majalada mawili.

Kazi imfaayo mtafiti ni kuyaandika maneno ya sinema hizo neno kwa neno, kama yaandikwavyo mashairi ya midomoni, na kuangalia kwanza jambo dogo: kila jina la shujaa linapotajwa, ni nani asemaye *a-*, na kama yupo yeyote athubutuye kusema *u-*.