Umande wa Nahodha

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Vyombo vya Lamu hupita kati ya pande hizo mbili kwenda bahari kuu, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kubishania neno umande.

Mgeni wa bara hulijua tangu utotoni: ni matone yanayomlowesha miguu akipita majanini alfajiri. Nahodha akimwambia, "Tungoje umande, mwalimu," hushangaa. Hapa kuna mchanga na mikoko, umande gani wa kungojwa? Lakini nahodha anasema upepo, ule utokao nchi kavu kabla ya kupambazuka na kukisukuma chombo nje. Katika majira ya tanga mbili, kusi na kaskazi zinapopokezana, baharia hupanga safari yake kwa upepo huo.

Mgeni huchomoa simu, akafungua kamusi. Akiona fasili ya maji hutangaza ushindi, asishuke hata mstari mmoja. Kamusi si hakimu. Na ubishi wenyewe ni mtamu, kwa nini kuukatiza mapema hivyo?

Ninayemhusudu ni mtunga kamusi, fundi asiyeshangiliwa na mtu. Yeye hana ruhusa ya kushabikia upande. Swali lake ni gumu kuliko la wabishi: hivi ni vidahizo viwili vilivyofanana sauti tu, au ni kimoja chenye maana mbili? Hapo hulazimika kuuliza habari za usiku wenyewe. Anga likiwa safi, ardhi hupoteza joto upesi kuliko bahari. Mvuke wa hewani ukigusa majani yaliyopoa, hugeuka matone. Hewa iliyopoa juu ya nchi nayo huteremka kuelekea majini. Baridi ni ile ile ya nchi kavu, imezaa maji na upepo. Kidahizo kimoja, basi, na fasili mbili zenye namba.

Wengine waliifanya kazi hii kwa kupayuka kidogo. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliandika maelezo marefu kama mtu anayesimulia barazani. Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya 1939, alijali kuonyesha neno ni la lahaja ipi: Kiamu cha Lamu, Kimvita, Kiunguja. Mimi nampenda zaidi Sacleux, kwa kuwa neno bila kwao huonewa kirahisi.

Linabaki suala la namba: ipi itangulie? Kwa msomaji wa Njombe au Nyeri, maji yatangulie, sina neno. Kwa kamusi ya Kiamu nisingesita: upepo kwanza.