Nyuzi Mbili Ndani ya Chupa

Siku shangazi alipoondolewa titi, daktari alinikabidhi chupa ya plastiki, mfuniko wake umezungushiwa plasta. Ndani, kwenye fomalini, mlikuwa na nyama iliyotunyima usingizi miezi mizima. Nilitakiwa kuipeleka maabara mjini kwa basi la usiku. Kabla sijaondoka aliniita dirishani, akaigeuza chupa taratibu kwenye mwanga. Katika nyama ile alikuwa ameshona nyuzi mbili nyeusi.

"Huu mfupi unaonyesha juu," akasema, "na huu mrefu unaonyesha upande wa kwapa. Mwenzangu wa maabara akiikuta saratani imegusa ukingo, atajua ni ukingo upi, nami nitajua pa kurudia."

Nyuzi mbili tu, lakini sijazisahau. Mwaka mmoja kabla, uvimbe uleule ulikatwa kwenye zahanati fulani ukatupwa bila kupimwa. Shangazi aliambiwa akapumzike nyumbani. Akapumzika, na uvimbe ukarudi, safari hii ukiwa umeshaingia kwapani.

Daktari wetu hakuwa profesa, wala hospitali yake ya misheni haikuwa na wanachuo wa kumfuata wodini. Ujuzi wake wa saratani aliujenga mgonjwa kwa mgonjwa, katika daftari kubwa la jalada gumu: jina, kijiji, kilichokatwa, majibu ya maabara, na safu ya mwisho iliyomgharimu kuliko zote: yu hai? Kila Januari alikaa na simu akiwapigia mmoja mmoja. Alikuwa akisema, mpasuaji asiyejua mgonjwa wake aliishia wapi hajui alichofanya.

Ufundi huu una wazee wake. Ted Williams alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, nchini Uganda. Mwaka 1961 alifuatana na daktari mpasuaji Denis Burkitt kwa gari takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali kuulizia saratani ya taya za watoto. Miaka iliyofuata alibaki Kuluva akiandika kila mtoto aliyeletwa, na kumbukumbu zake ndizo zilizoonyesha jinsi ugonjwa ule ulivyozuka kwa makundi, mahali fulani na wakati fulani.

Leo chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na kuitwa chuo kisicho na kuta, kinawafunda vijana humohumo kwenye hospitali za pembezoni. Mikono yao ni mizuri. Ila sisi tunaowapokea tunawauliza wamefanya operesheni ngapi mwezi huu. Waliobaki hai hatuwaulizii.

Daktari amestaafu. Daftari, nimeambiwa, liko stoo.

Januari iliyopita shangazi aliichaji simu tangu alfajiri, akajifunga kanga yake nzuri, akakaa barazani. Jioni akaniita.

"Mwanangu, leo mtandao una shida?"