Kumpima Mwanafunzi wa Sarfu kwa Vitenzi Vyenye Ila

Katika vyuo vya Mahege na vya vijiji vya delta ya Rufiji, kama ilivyo ada ya mwambao mzima, mwanafunzi aliyekwisha hitimu Kurani akaingia katika elimu ya sarfu, yaani mnyambuliko wa maneno ya Kiarabu, aghalabu husifiwa kwa wepesi wa ulimi. Nami, pamoja na kuuheshimu wepesi huo, nashikilia kwamba si dalili ya ujuzi, kwa kuwa kitenzi kizima, mfano wa kataba, herufi zake tatu hukaa imara kila kinaponyambuliwa, na hata asiyefahamu kitu aweza kukiimba mpaka mwisho. Anayetaka kuutambua ubora na asikilize vitenzi vyenye ila, ambavyo katika asili yao mna wau au ya, herufi dhaifu zinazogeuka alifu au kukatwa.

Mwanzo mpe qaala, baa'a na khaafa, yaani alisema, aliuza na aliogopa, vitatu vinavyofanana kwa alifu ya katikati, kisha mwambie avitaje kwa nafsi ya kwanza. Atasema qultu, kwa dhuma inayoashiria wau iliyofichika, na bi'tu, kwa kasra inayoashiria ya. Hapo wengi hupita salama. Khaafa ndipo pa kutega sikio, kwani asili yake ni wau, na aliyeshika nusu ya kanuni atasema khuftu, hali aliyesoma kwa hakika atasema khiftu, tena ataeleza kwamba kitenzi hicho asili yake ni khawifa, na kwamba kasra ya wau ndiyo iliyohamia kwenye herufi ya kwanza. Sababu hiyo, ikitoka kinywani mwake bila ya kusukumwa, naithamini kuliko safu nzima ya maneno yaliyohifadhiwa. Waliosoma Kilatini katika seminari zetu wanakijua kitenzi fero, ambacho wakati wake uliopita ni tuli, neno lisilo na nasaba na la kwanza, na pale hapana hila ila kuhifadhi. Lakini katika Kiarabu ila yenyewe ina sheria, na kuijua sheria ndiyo elimu.

Ama tafsiri, ina mizani yake. Lam yaqul ni "hakusema", wala si "hasemi", ingawa kitenzi kimevaa umbo la wakati uliopo. Na lasta, kinyume chake, ina umbo la wakati uliopita ilhali maana yake ni "wewe si", kwa hiyo anayeandika "hukuwa" amedanganywa na umbo. Kaana nayo, inapotaja sifa ya Mwenyezi Mungu, haielezi jambo lililokwisha, na mfasiri mwenye hadhari hataridhika na "alikuwa" peke yake. Tena aijue vema lugha yake mwenyewe, ambayo nayo ina vitenzi vyake vya ajabu: lam ya'kul ni "hakula", laa ya'kulu ni "hali", na amri ya kuja ni "njoo".

Mtihani ninaoupenda kuliko yote umo katika Sura ya Yusuf. Mfunikie mwanafunzi tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, afasiri mwenyewe mpaka afike pale Yusuf anapochagua gereza kuliko lile analoitiwa, ambapo kitenzi ni yad'uuna pamoja na kiambishi cha "mimi". Umbo hilo ni moja kwa wanaume na kwa wanawake, na Kiswahili hakitofautishi jinsia katika "wanaita". Basi tazama kama atatambua kwamba wanaosemwa ni wanawake, na kama tafsiri yake itamwezesha msomaji kulijua hilo. Akilitambua, mtangulizie kitenzi hicho lan ya kukanusha: kwa wanaume atasema lan yad'uu, nuni ikaanguka; kwa wanawake atasema lan yad'uuna, nuni ikabaki, kwa sababu hiyo ni nuni ya wanawake wenyewe, na wau iliyo kabla yake ni ya asili ya kitenzi.