Michembe, Matobolwa na Kalenda ya Ushairi

Mshairi wa visiwani hapungukiwi na majira. Ana kaskazi na kusi, ana vuli na masika, ana kipupwe. Ana harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini, na ana Mwaka Kogwa wa Makunduchi kila Julai. Akitaja upepo mmoja tu, msomaji hujua bahari imekaaje na vyombo vyaelekea wapi. Lakini mshairi huyohuyo akiipeleka kalamu Shinyanga au Geita, kalenda humponyoka. Huandika ukame, huandika dhahabu, kisha huandika damu. Na mwaka mzima wa watu hugeuka jua moja lisilotua.

Nchi yenyewe haina kosa hilo. Mvua za Shinyanga huanza mnamo Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei. Zikianza, kumbikumbi huchomoza ardhini na watoto huwakimbilia. Nyasi zikishiba, maziwa hujaa vibuyuni. Mavuno yakiingia, viazi vitamu huanikwa: vinavyokatwa vibichi na kukaushwa ni michembe, vinavyochemshwa kwanza ni matobolwa. Huliwa kwa chai au karanga, na mwenye meno mazuri hana haraka navyo. Kisha zaja ngoma za kiangazi. Bagika na Bagalu hushindania watazamaji kwa nyimbo na kwa dawa. Wigashe huimbwa watu wakiwa wamekaa. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, kana kwamba shamba limehamia uwanjani. Huko Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo huangukia Juni, na jina lake ni la maua.

Wajapani wana vitabu vinavyoitwa saijiki, ambavyo ni kamusi za maneno ya majira. Mtunzi wa haiku hutakiwa kwa desturi atie neno moja la msimu katika shairi lake, na kiazi kilichochomwa ni neno halali la kipupwe. Wala si ajabu: mkoani Ibaraki, viazi vitamu hupikwa kwa mvuke, hukatwa na kuanikwa katika baridi, vikawa kitafunio kinachopendwa nchi nzima. Msukuma akikitia kinywani atasema ni matobolwa. Tofauti ni kwamba kule kitu hicho kimeingia katika kamusi ya washairi, na huku kimebaki ghalani.

Itasemwa kwamba fasihi ya Kiswahili haikuzoea vitu vidogo kama hivyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji, anatosha kuwajibu wasemao hivyo. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wapo walioilaumu kuwa ni maelezo ya mila yaliyovikwa hadithi. Lawama hiyo haina uzito. Myombekere anapotakiwa na wakwe pombe ili arudishiwe mkewe, msomaji hulazimika kuingoja ndizi iive, na katika kungoja huko ndimo mapenzi yanamopimwa. Ukifuta utengenezaji wa pombe umefuta na ndoa. Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa hichohicho, alizusha mabishano makubwa ya vina na mizani kwa Kichomi mwaka 1974. Pande zote mbili zilibishana juu ya chombo, na shehena ikasahauliwa.

Dhahabu ndiyo iliyoongeza giza. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Mgodi wa namna hiyo huhesabu zamu, usiku na mchana, na taa zake hazijui mwezi mchanga. Washairi wakaiga hesabu hiyo. Hawakutazama maduara ya wachimbaji wadogo, ambako majira hayajafa: mvua ikizidi, maji hujaa shimoni, kuta hulegea, na mwenye busara hurejea kwenye jembe mpaka ardhi ikauke. Asiye na shamba la kurejea hubaki akiitazama mvua kama adui. Hapo pana shairi zito kuliko tenzi kumi za kuilaani tamaa.

Pana jingine katika ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi. Mradi wa HASHI, kati ya 1986 na 2004, ulizirudisha kwa zaidi ya hekta 300,000 katika nchi iliyokuwa imekwanguliwa. Ngitili ni subira iliyopandwa ardhini, na anayeisimulia kwa takwimu za hekta pekee amesimulia nusu.

Wala watetezi wa arudhi wasijitetee kwa ugumu wa maneno ya bara. Michembe ina kina kimoja na jembe, pembe na ng'ombe. Na, kwa atakaye, ina kina kimoja na chembe ya dhahabu.