Kutoka Sahani ya Santuri hadi Faili: Kinachopotea katika Hifadhi ya Taarabu Nyumbani

Sehemu hii inahakiki badiliko linalomgusa kila mtafiti wa nyimbo za taarabu: kuhama kwa nyimbo hizo kutoka katika sahani za santuri na kanda za kaseti zilizotunzwa nyumbani kwenda katika simu, flashi na kompyuta. Hoja inayojengwa ni kwamba kinachopotea si sauti, kwani sauti mara nyingi hunusurika. Kinachopotea ni ushahidi unaomwezesha mhakiki kueleza kwa nini matini ya wimbo ina umbo ililo nalo.

Mfano wa kwanza ni wa Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani za wakati huo, zilizozunguka takribani mara 78 kwa dakika, zilibeba kiasi cha dakika 3 tu kila upande. Mbele ya hadhira, mwimbaji aliweza kurudia kiitikio au kuongeza ubeti kadiri wasikilizaji walivyopenda. Mbele ya mtambo wa kurekodia, wimbo mrefu ulilazimika kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Hivyo basi, mhakiki anayehesabu beti za wimbo uliorekodiwa na kuhitimisha kwamba mtunzi alipendelea ufupi, huenda anampa mtunzi sifa ambayo ni ya sahani. Aliyeishika sahani mkononi hukiona kikomo hicho. Anayesikiliza faili hakioni. Aidha, wimbo wa pande mbili huweza kugeuka faili mbili zisizohusiana, au nusu yake ikaachwa kabisa.

Mfano wa pili ni wa kanda. Kaseti ya dakika 60 au 90 ililegeza kikomo cha santuri, ikawezesha sehemu kubwa ya shughuli ya harusi kurekodiwa pamoja na vigelegele na shangwe za wanaotunza. Katika taarabu, ambamo fumbo na kijembe hupata maana kutokana na nani anamwimbia nani, mfuatano wa nyimbo ni sehemu ya matini: wimbo mmoja huweza kuwa jibu la uliotangulia. Kanda iliuhifadhi mfuatano huo, na jalada lake mara nyingi liliandikwa kwa kalamu jina la kikundi, mahali na tarehe. Kicheza muziki cha kidijitali huweza kuzipanga nyimbo hizo kwa alfabeti au kuzichanganya bila utaratibu. Majibizano huvunjika, na kijembe hubaki kikielea bila mlengwa.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitukuza hifadhi ya zamani. Sahani za santuri zilivunjika upesi. Kanda hushika kuvu katika unyevu wa pwani. Na kaseti zilinakiliwa kutoka kaseti nyingine, pengine kwa majina yaliyokosewa. Isitoshe, gramafoni haikuwa chombo cha kila nyumba. Faili limeondoa sehemu ya ubaguzi huo: mwanafunzi aliye Dodoma au Nairobi anaweza kusikiliza leo sauti ambayo zamani ilimlazimu kubisha hodi kwa mwenye sanduku la kanda. Kwa hiyo, lawama haimo katika faili lenyewe, bali katika imani kwamba faili ni nakala kamili ya kile lilichokirithi. Imani hiyo ndiyo inayolipeleka sanduku jaani mara tu familia inapojiridhisha kwamba nyimbo zimekwisha kuingizwa katika simu.

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mtafiti anayenukuu wimbo ataje chombo alichousikilizia, si jina la wimbo na mwimbaji pekee. Pili, kabla ya kunakili, lebo na majalada yapigwe picha, na mfuatano wa nyimbo uandikwe kama ulivyo katika kila upande. Tatu, hitimisho lolote kuhusu urefu, urudiaji au ukamilifu wa wimbo lipimwe kwanza kwa uwezo wa chombo kilichourekodi. Bila tahadhari hizo, uhakiki wa taarabu utaendelea kuwa na sauti nyingi za kusikiliza na ushahidi mchache wa kuzifasiri.